Fundi wa Ngamiani aliyenishonea gauni la darasani

Nafundisha darasa la tatu hapa Tanga. Nguo yangu ya kazi lazima iniruhusu kuandika juu kabisa ya ubao bila kubanwa kwapa, na kuinama kwenye dawati la mtoto bila kushikilia pindo. Fundi huyu, kabla hajapima, aliniambia, "Mwalimu, nyanyua mkono kama unaandika." Miaka yote ya kushonesha, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo! Gauni ni la pamba, rangi ya maziwa, vumbi la chaki halionekani. Mfuko wa kulia kautia bitana nzito, chaki hazitoboi. Joto la Machi nimelimaliza nalo. Alinichelewesha siku nne, na hilo liliniudhi kweli. Kitambaa cha pili nimeshampelekea.