Mtambo mdogo wa majitaka kwa sisi wa kisiwani: naupenda ila una kero zake

Nimeishi nao mvua na kiangazi sasa, kwa hiyo siongei kwa kusikia. Huu ni ule mtambo wa nyumbani wa kusafisha majitaka, tangi la plastiki ngumu lina vyumba vitatu, unafukiwa chini juu inabaki mifuniko tu na kiboksi cha blowa, yaani pampu ya hewa. Tuko karibu na bahari, ukichimba kidogo tu maji haya hapa, sasa shimo la kawaida la choo huku ni kujidanganya, udongo haupati nafasi ya kuchuja kitu, na chini ni jiwe la matumbawe lenye matundu kibao, uchafu unateremka zake mpaka kwenye visima vya watu alafu baharini.

Kazi yenyewe inaifanya vizuri jamani. Vizito vinabaki chumba cha kwanza, cha pili blowa inapuliza hewa toka chini ili bakteria wapate oksijeni wale uchafu, cha tatu maji yanatulia na tope linarudi nyuma. Sio uchawi mpya, njia hii ilianzia Manchester 1914 kwa mitambo ya miji. Nimekinga maji ya mwisho kwenye chupa nikayaangalia juani, yanaonekana mpaka upande wa pili, yana umanjano kwa mbali, na yananuka udongo uliolowa, basi.

Ila muuzaji akikwambia "yanatoka safi kabisa" mwache aongee. Nitrojeni na fosforasi nyingi zinabaki mle, na zikifika baharini zinanenepesha mwani unaofunika matumbawe. Mi yangu nayapitisha kwanza kwenye kitanda cha kokoto nilichopanda matete, ndo yanaenda kwenye miti. Mboga za kula mbichi hapana. Na kama unaweka vidonge vya klorini mwishoni, chukua vile vya majitaka, vya bwawa la kuogelea ni hatari kwenye kile kibomba cha kuwekea vidonge.

Sa kero. Blowa ina diaframu, ule utando wa mpira unaosukuma hewa, inachanika, na hewa ya chumvi inakula skrubu na waya kimya kimya. Ya kwangu ilipochanika nikapiga simu, yule yule aliyeniapia spea zipo akasema subiri mzigo uje na boti. Wacha harufu ije! Yai viza tupu, na sisi maji ya kuvutia choo ni ya chumvichumvi, yana salfeti nyingi, oksijeni ikiisha wale bakteria wengine wanaigeuza gesi ya haidrojeni salfaidi. Umeme ukikatika masaa machache haina shida, ukikatika siku nzima na zaidi utajua.

Alafu tope, hapa ndo hawasemi. Kila baada ya miaka kadhaa lazima linyonywe, na lori la kunyonya halipandi boti ya abiria. Majirani wenye mitambo kama huu tumekubaliana tufanye kwa pamoja, tukodi tishari moja tugawane gharama. Na wanyonyaji muwaambie mapema, tangi lisikaushwe lote, hasa wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya bahari, maji ya chini yakipanda tangi tupu linaibuka kama boya na mabomba yote yanang'oka.

Ndani ya nyumba hakuna ugumu, usimwage mafuta ya kupikia, wala dawa ya klorini kwa ndoo, unaua bakteria wenyewe.

Mtambo naupa nyota nne. Muuzaji moja, na hiyo moja ni ya fundi wake, maana yule kijana alijua kazi, alingoja maji mafu, bahari isipojaa sana, ndo akachimba, akalifunga tangi kwenye zege na kulijaza maji kabla hajafukia. Nyie mnaotaka kununua, diaframu ya akiba iwe mkononi mwako kabla hujalipa hela ya mwisho.