TAHADHARI: Boti ya faiba "iliyokarabatiwa yote" na resini ya dumu lisilo na jina, hapa Kigoma

Jamani, nisomeni kabla hamjatoa hela. Tangu juzi kuna picha zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: boti ya faiba, futi 18, chini bluu juu nyeupe, "imekarabatiwa yote, ni kufunga mashine na kuingia majini". Maneno hayohayo ndiyo niliyotumiwa mimi mwaka 2024, hata mkato haujahama. Boti ni nyingine, muuzaji ni yuleyule. Jina lake silitaji kwa sababu shauri letu halijaisha, lakini kazi ya mkono wake nitaieleza mpaka mkiiona muitambue.

Mimi si mtu wa boti. Nina duka la jumla Mwanga, hapahapa mjini, na miaka yote napeleka unga, sukari na sabuni vijiji vya ziwani vya Mtanga na Mwamgongo kwa vyombo vya kukodi. Mwaka ule Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti, vyombo vingi vikapandishwa mchangani, nikaona ndiyo nafasi yangu. Ninunue cha zamani kwa bei nafuu, nijifunze kukitengeneza pole pole, ziwa likifunguliwa niwe na changu. Video za YouTube nilikuwa nimezitazama mpaka usiku wa manane. Nilishajiona fundi.

Nikalipa milioni tatu na laki nane. Bila mashine.

Boti ilikuwa inang'aa, na si nje tu. Hata kule chini ya sakafu, ambako maji machafu yanatuama na hakuna abiria anayechungulia, palikuwa pamepigwa rangi mpya. Mimi nikasifia usafi! Leo mtu akinionyesha tumbo la boti kuukuu limepakwa rangi mbichi, namuuliza kwanza chini ya hiyo rangi kuna nini.

Maana boti ya faiba si faiba tupu. Pale nyuma kwenye tezi, mashine inapofungwa, katikati ya matabaka ya faiba kwa kawaida kuna plaiwudi nene, na hiyo ndiyo inayobeba mzigo. Matundu ya bolti yasipozibwa vizuri, maji yanajipenyeza kidogo kidogo, plaiwudi inaoza humo ndani huku ngozi ya nje bado nzima. Kwa macho hulijui hilo.

Nilikodi mashine ya farasi 40, ina kilo sabini na kitu, tukaifunga mimi na mdogo wangu. Jaketi okozi tulivaa kwa sababu mke wangu alisimama njiani akakataa kutupisha. Tulipoongeza moto tu, hata ghuba hatujaimaliza, nikasikia mlio kama mtu anavunja muwa gotini. Kugeuka, kichwa cha mashine kimelala nyuma kama mzee aliyesinzia kwenye basi. Mdogo wangu akazima, tukaifunga kwa kamba tukarudi kwa kasia, mimi nikisali njia nzima. Tungekuwa tumeshatoka ghubani na upepo wa kusini wa mwezi wa saba, msingesoma haya.

Kesho yake nikamleta mzee mmoja fundi wa mitumbwi kutoka Ujiji. Faiba si kazi yake, lakini alikuja na nyundo ndogo akaanza kugonga kutoka omo kuja nyuma. Palipo pazima palilia ko, ko, ko. Alipofika tezi pakalia bu. Akatoboa tundu dogo kwa ndani, karibu na chini, yakatiririka maji ya kahawia pamoja na vumbi la mbao lililolowa kama makapi ya majani ya chai. Akaliweka kiganjani mwangu. "Mwanangu," akasema, "wewe umeuziwa rangi."

Tulipokwangua chini tukakuta ufa wa karibu mkono mzima, umezibwa kwa bodi fila ya magari, unene wa dole gumba. Bodi fila mahali pake ni kwenye bati la gari. Chini ya maji inanyonya maji, baadaye inabanduka yenyewe.

Sasa sikilizeni hila ya pili, maana ndiyo iliyonimaliza. Nilipompigia muuzaji, hakukana. Alinipa pole nyingi: "Bosi wangu, hata mimi niliuziwa hivyohivyo, ngoja nikusaidie." Msaada wenyewe ni resini, ile gundi ya maji ya kupigia faiba, kwenye dumu la lita 20, halina lebo wala tarehe, nusu ya bei ya Dar, na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha, kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nikanunua. Chekeni tu, mna haki.

Resini nzima, ukiitia hadina mililita 10 mpaka 20 kwa kilo, kwa joto letu hili haupiti muda mrefu inaanza kuganda kama jeli, na kopo linapata moto mkononi. Yangu ililala usiku kucha, asubuhi kidole kinazama. Nampigia, ananijibu kwa upole kabisa: "Faiba kunata ni kawaida, bosi." Hapo aliniweza, kwa sababu ni nusu ya ukweli. Resini ya kujengea isiyo na nta hubaki inanata ngozi ya juu kwa ajili ya hewa. Lakini ukiifuta kwa kitambaa chenye asetoni, chini unakuta pagumu, kucha haiingii. Yangu ilikuwa uji mpaka kwenye mbao. Na harufu yake ilikuwa ya tina ya rangi. Ile harufu kali ya resini inayopanda puani ilikuwa kwa mbali sana. Ilikuwa imeongezwa tina ili ijaze dumu. Wiki mbili nilikuwa nakwangua, ngozi inawasha mpaka silali.

Hiyo chupa ya maji ndiyo inayonitia hasira kuliko hela. Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha kabisa, na haina rangi, utadhani maji. Mwanangu wa miaka sita nilimkuta ameshaishika, anahangaika na kizibo.

Nilipodai hela, simu ikazimwa. Ndipo nikatoa karatasi za TASAC, wale wanaosimamia vyombo vya majini, alizonipa wakati wa kuuziana, ambazo ni fotokopi, nikazisoma kwa mara ya kwanza kwa akili timamu: zinataja chombo cha futi 22. Changu nimekipima kwa futikamba, 18. Nilitakiwa kupima siku ya kwanza.

Kwa hiyo anayetaka ile ya bluu, aende mchana na aigonge yote, tezi hasa. Mashine ikiwa imefungwa, shika mguu wake wa chini uupandishe na kuushusha, mtu mwingine aangalie kama tezi inacheza. Omba kutoboa tundu moja dogo. Mwenye boti nzima atanung'unika, mtakubaliana nani alizibe, lakini yule atakuambia kuna mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi. Mimi aliniambia hivyo mara tatu. Na resini msinunue isiyo kwenye chombo chake chenye tarehe. Ikikaa sana inaharibika, na joto la stoo za bati linaiwahisha.

Boti yangu iko uani, kuku wanatagia omoni. Muuzaji kwa sasa anatumia namba mpya ya simu, hivyo msiniulize ile ya zamani. Mwenye safari ya kwenda kuitazama hiyo ya bluu anishtue siku moja kabla, nitakuja na nyundo.