Kamusi ya mfukoni: ipime kwa neno "set" kabla hujalipa

Kamusi ndogo za Kiingereza–Kiswahili zimejaa kwenye steshenari za Tabora, na msimu wa kufungua shule mzazi huongeza moja juu ya madaftari bila hata kuifunua. Hii tuliyoipima ina jalada laini na inaingia mfuko wa shati. Inamfaa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Fundi na mwanafunzi wa ufundi haiwafai, na neno moja linatosha kuonyesha sababu.

Fungua herufi S, utafute "set". Ni herufi tatu tu, lakini kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, ililipa maana zaidi ya 400. Kitabu cha mfukoni hakiwezi kuzibeba zote. Dazeni moja iliyochaguliwa vizuri ingetosha. Hiki kina tano.

Kosa la kwanza ni kutia kila kitu kapu moja. Kitenzi na nomino havina asili moja. Kitenzi kimetoka Kiingereza cha kale, settan, na udugu wake na "sit" ni ule ule wa kalisha na kaa: kukifanya kitu kikae. Ukilishika hilo, maana nyingi zinafuatana zenyewe. Unategesha mtego, unaseti saa, unarudisha mfupa uliovunjika mahali pake, jua linatua. Nomino ya kundi la vitu, iliyotupa seti ya vikombe na seti za hisabati, ilipitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini secta, yaani wafuasi. Ndugu yake wa karibu ni "sect", madhehebu. Kamusi iliyofanyiwa kazi huvitenga viwili hivi.

Kwenye ufundi ndiko inakoharibu zaidi. Kwa saruji imeandika "kuwa gumu". Hapana. Zege likiseti limeganda tu: halimwagiki tena wala halisawazishiki kwa mwiko, lakini bado halibebi mzigo. Ugumu unakuja polepole baadaye, kwa kumwagiliwa, na nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Joto la Oktoba hapa Tabora linaharakisha kuganda, kwa hiyo muda wa kumwaga na kusawazisha unapungua. Anayesoma kwamba zege lililoseti limeshakuwa gumu atatoa mbao za chini ya boriti mapema, na boriti itapinda au kukatika. Neno lililostahili pale ni kuganda. Mafundi wenyewe wanasema kuseti, na wako sahihi.

Maana ya seremala haimo kabisa. Msumeno una "set" yake: meno yanapindwa kidogo, moja kulia, linalofuata kushoto, ili njia ya mkato iwe pana kuliko bapa la msumeno. Yakishanyooka, bapa linabanwa ndani ya mninga, linapata moto, na mkato unakwenda upande.

Misemo nayo imepunjwa. "Set aside" imepewa "weka kando", basi. Kwenye karatasi za mahakama, hukumu iliyokuwa "set aside" imetenguliwa. Aliyeshinda rufaa akifuata kamusi hii ataendelea kuogopa hukumu ambayo haipo tena.

Yapo mazuri. Herufi zinasomeka hata kwa taa hafifu, na imeonyesha wazi kwamba kitenzi hiki hakibadiliki wakati uliopita: set, set, set. Hilo linamwokoa mwanafunzi na "setted", kosa linalokula maksi bure.

Ukitaka ya kazi, nunua kubwa zaidi na uifanyie jaribio hili hili pale kaunta, kisha urudie kwa "run". Hata hii ndogo, ifunue katikati kabisa kabla ya kulipa. Mgongo ukilia na karatasi zikainuka, gundi imekauka; omba nakala nyingine.