Gemu ya Kwanza ya Vita vya Zamu: Uanze na Ipi?

Mtaani kwetu Umoja, Nairobi, kuna ubao wa drafti chini ya mti. Kete za upande mmoja ni vifuniko vya soda, za upande wa pili ni vya bia, na sheria ya wazee pale ni moja: ukigusa umecheza. Mpwa wangu alishinda hapo likizo nzima akitazama watu wakilana, kisha akanijia na swali. "Anko, hakuna gemu kama hii lakini yenye hadithi?" Alikuwa na shilingi elfu saba alizopata kwa kuosha magari, na laptopu ya mtumba aliyoachiwa na dadake.

Zipo, tena tele. Uwanja umegawanywa miraba kama ubao, mnacheza kwa zamu, ila kila kete ina jina lake na kazi yake: huyu mpiga upinde, huyu mganga, yule mpanda farasi. Anayepigana sana anakomaa. Fire Emblem ya kwanza ilitoka Japani mwaka 1990, Final Fantasy Tactics ikaja 1997, na nyingi za Kijapani unazoziona leo ni watoto na wajukuu wa hizo mbili.

Shida ni kwamba mtu akiuliza aanze na ipi, mashabiki humtajia ile wanayoipenda wao, na wao wamecheza miaka ishirini. Mimi nimezipanga kwa kipimo kingine: ukikosea, gemu inakufanya nini? Anayeanza atakosea kila dakika tano. Gemu inayokuruhusu kurudisha kete itakufunza. Inayokuadhibu kwa saa mbili za kazi itakurudisha kwenye mpira wa PS, na pesa zimeenda. Na usitegemee kuijaribu kwanza kwenye vibanda vya PS vya mtaani. Pale unalipia mechi moja moja, na gemu hizi huchukua makumi ya saa.

1. Fire Emblem: Three Houses (Switch, 2019)

Kama una Switch, ile mashine ya gemu ya Nintendo, au binamu yako anayo na haitumii, usiendelee kusoma sana. Nunua hii.

Wewe ni mwalimu kwenye monasteri inayoitwa Garreg Mach. Unachagua darasa moja kati ya matatu, unafundisha wanafunzi wako upanga, mkuki au uchawi, na mwisho wa mwezi mnaenda vitani. Mwanzoni utaulizwa maswali mawili ambayo watu huyajibu kwa kiburi. Jibu hivi: ugumu Normal, mtindo Casual. Kwa Casual mwanafunzi akiangushwa anarudi baada ya vita. Kwa Classic amekwenda moja kwa moja, na mtu uliyemnywesha chai kwa miezi mitatu anabaki jina tu.

Lakini kilichoiweka namba moja ni kitufe cha kurudisha wakati nyuma. Nakumbuka vita vyangu vya mapema nikiwa na darasa la Blue Lions. Ashe, kijana wa upinde, alikuwa amejificha vizuri nyuma ya wenzake. Nikaona mwizi aliyebakiza uhai kidogo, nikamsogeza Ashe mraba mmoja mbele ili ammalize. Alimmaliza. Zamu ya adui ilipofika, wenye mashoka wawili wakamgeukia, na nguo zake si chuma. Katika drafti ningechekwa hadi jioni. Hapa nilirudisha wakati hadi kabla ya ule mraba mmoja, na safari hii nikaangalia mistari myekundu ambayo gemu huchora kuonyesha ni adui gani anamlenga nani. Ilikuwepo tangu mwanzo, sikuwa nimeitazama. Unaanza na nafasi tatu za kurudisha katika kila vita, na zinaongezeka baadaye.

Kuna siri nyingine inayomsaidia mgeni. Asilimia unazoonyeshwa kabla ya shambulio si za kweli. Gemu huchagua namba mbili za bahati na kuchukua wastani, kwa hiyo shambulio linaloandikwa 80 hufika kama mara 92 kwa mia, na la adui linaloandikwa 20 hufika kama mara 8 tu. Ni udanganyifu wa upole, kwa sababu sisi binadamu tukiona 80 tunasoma "lazima".

Ubaya wake? Kutembea monasterini kunachosha. Kuokota vitu vilivyopotea, kulisha huyu, kuimba na yule. Unaweza kuruka sehemu kubwa, nawe uiruke bila aibu.

2. Triangle Strategy (Switch na kompyuta, 2022)

Hii ndiyo ningempa mpwa wangu kama bei ingekuwa nusu. Hadithi ni ya vita vya chumvi na chuma: Aesfrost wana chuma, Hyzante wana chumvi, na Glenbrook imebanwa katikati. Kila njia panda kubwa huamuliwa kwa kura. Wewe ni Serenoa, lakini wanaopiga kura ni wenzako, na kazi yako ni kuzunguka ukiwashawishi mmoja mmoja. Kura ya kwanza ni ya safari tu, muende nchi ipi, na tayari utajikuta unampembeleza mzee mmoja kama mgombea wa udiwani.

Kwa mchezaji wa drafti, vita vyake vinaeleweka haraka. Ukimweka mtu wako mbele ya adui na mwingine nyuma yake, mmoja akipiga na mwenzake anaongeza pigo. Aliye juu ya paa anaumiza kuliko aliye chini. Kila mtu ana kazi moja isiyobadilika, hivyo huhitaji kukesha ukijiuliza nani awe nani. Ukishindwa, nguvu mlizopata zinabaki, mnarudi uwanjani mkiwa imara zaidi, na ugumu unaweza kuupunguza wakati wowote.

Sababu ya kuwa ya pili: inaongea. Mungu wangu, inaongea! Saa za mwanzo ni mazungumzo, vita kidogo, mazungumzo tena. Kama unapenda tamthilia za Kikorea utafurahi. Kama umetoka kazini ukitaka kupiga mtu, utalala ukiwa umeshika padi.

3. Final Fantasy Tactics: The Ivalice Chronicles (kompyuta, PS4, PS5, Switch, Xbox, 2025)

Huyu ndiye babu mwenyewe, amevalishwa suti mpya Septemba 2025. Kwa mwenye PS4 nyumbani hakuna chaguo bora zaidi kwenye orodha hii. Wameongeza sauti za waigizaji, gemu kujihifadhi yenyewe, na viwango vya ugumu vya kuchagua. Bei yake ilipotoka ilikuwa karibu dola 50, yaani kama shilingi 6,500.

Raha yake ni kazi. Mtu anaanza kama Squire au Chemist, anajifunza, anahamia kazi nyingine, na anabeba alichojifunza. Unaweza kuwa na mchawi anayerusha chupa za dawa, au mpiganaji wa mikono mitupu anayeponya. Miye nilipoteza wikendi nzima kwenye menyu za kazi bila kusogeza hadithi hata hatua moja, na sijutii.

Hapo hapo ndipo mgeni anapopotelea. Anayeanguka asipoinuliwa haraka anageuka fuwele au sanduku la hazina, na hakuna tena. Katika toleo la zamani, lile la 1997 ambalo bado linazunguka kwa flashi na simu, kuna ngome ya Riovanes yenye vita vinavyofuatana, na katikati yake unaulizwa kama unataka kuhifadhi. Wengi walikubali, wakahifadhi juu ya faili lao la pekee, kisha wakakuta wanapaswa kupigana mmoja kwa mmoja na adui aitwaye Wiegraf wakiwa dhaifu na hakuna njia ya kurudi nyuma. Ukicheza lile la zamani, weka faili mbili. Hata ukicheza jipya, weka mbili.

4. XCOM: Enemy Unknown (kompyuta, 2012)

Hapa Wamarekani wa Firaxis wanakupa kikosi cha kupigana na viumbe kutoka angani. Hakuna wanafunzi wala chai. Ni bunduki, kuta za kujikinga na askari unaoweza kuwapa majina. Nimeiweka ya nne kwa sababu haina huruma: aliyekufa amekufa, na hakuna zile namba mbili za upole za Three Houses. Ukiona 80, katika kila risasi tano tegemea moja ipite kando, na itapita ile unayoitegemea. Niliwahi kumpa askari jina la binamu yangu wa Kisumu. Alikosa risasi ya 95 akiwa hatua mbili kutoka kwa adui, akauawa, nami nikafanya kosa la kutuma picha kwenye kikundi cha familia. Shangazi alipiga simu.

Ila ina njia ya kurudisha kete: usiwashe Ironman, mtindo unaokunyima kurudi kwenye faili la nyuma, na hifadhi katikati ya vita kila unapokaribia kona mbaya. Inakubali laptopu ya zamani yenye kadi ya picha ya kawaida, na kwenye punguzo za Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hushuka hadi bei ya nauli. Usianze na XCOM 2 ya 2016 hata bei yake ikiwa chini zaidi siku hiyo. Misheni zake nyingi zinahesabu zamu, na mgeni anayekimbizwa hafikirii.

5. The Battle for Wesnoth (kompyuta, bure)

Bure kabisa, tangu 2003, na kompyuta yoyote inayofungua kivinjari bila kulia itaiendesha. Miraba yake ina pembe sita. Watu wa mwanga hupiga kwa asilimia 25 zaidi mchana, wa giza hupiga zaidi usiku, kwa hivyo saa ya kushambulia ni sehemu ya mbinu. Elfi akiwa msituni ni shida kumgusa. Mtoe kwenye nyasi uone.

Mbona basi ni ya tano? Bahati yake ni kali, na haikushiki mkono baada ya somo la kwanza. Lakini ukiwa na laptopu ipakue leo usiku, ucheze kampeni ya A Tale of Two Brothers. Usiku miwili itakuonyesha kama aina hii ya gemu ni yako kabla hujatoa senti.

Nilizoziacha nje

Disgaea ni tamu, lakini watu wake hupanda hadi kiwango cha 9999; hiyo ni ajira. Mario + Rabbids Kingdom Battle ya 2017 ni nzuri kwa mtoto wa miaka tisa mwenye Switch, na kwa babake pia. Ya simu, Fire Emblem Heroes, ni bure kuingia, ila mashujaa hupatikana kwa kuchezesha bahati nasibu ndani yake. Aliye na shida ya kubeti aipite mbali.

Pesa itoke vipi

Kwa Switch, nunua katriji wala si ya kupakua. Katriji za Switch hazina mkoa, ya Dubai au ya Uingereza zote zitafanya kazi, na ukimaliza unaiuza. Switch 2 iliyotoka Juni 2025 nayo inacheza karibu zote. Lakini fungua boksi papo hapo kwenye kaunta. Mimi nilinunua moja kwenye duka la juu huko mjini, nikapanda matatu, nikafungua nikiwa Donholm: karatasi na hewa. Niliporudi kesho yake muuzaji aliniambia hanijui. Kama unanunua Switch yenyewe ya mtumba, ingia kwenye mipangilio ya padi na uachilie vijiti vyote viwili. Kidoti kikisogea chenyewe, vijiti vimechoka, rudisha au punguza bei.

Kwa kompyuta, Steam inauza kwa dola, na kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay hukutoa kwenye shida ya kutokuwa na kadi ya benki. Weka pesa zaidi kidogo ya bei, kwa sababu ya ubadilishaji. Ukinunua, una siku 14 kurudishiwa pesa, mradi hujapitisha saa mbili za kucheza. Saa hizo zitumie kuangalia kama laptopu inapumua, na usiiache gemu wazi ukienda kupika chapati, dakika zinahesabiwa. Na kama huna haraka, punguzo kubwa huja kila msimu.

Mpwa wangu hakuwa na subira ya Triangle Strategy kushuka. Alicheza Wesnoth wiki moja, kisha akanunua XCOM kwenye punguzo na elfu tano na ushei zikabaki. Juzi alinifungulia kikosi chake. Amewapa askari wote majina ya wazee wa drafti. Mwenyekiti ndiye alikuwa wa kwanza kufa, risasi ya 85 ilipopita kando, na kijana bado anapita kwa njia ya nyuma akienda dukani.