Kumbukumbu za Sayyida Salme mezani kwa mtunzi wa riwaya ya mapenzi

Mtunzi anayetaka kuiweka riwaya yake ya mapenzi katika zama zilizopita ana swali moja la kujibu kabla ya mengine yote: ni jambo gani katika zama hizo linalowazuia wapenzi wake wasikutane, na je, kizuizi hicho kina nguvu za kweli au ni pambo tu? Nimekisoma upya kitabu cha kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Unguja, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina lake la ubatizo na ndoa, Emily Ruete, nikiwa na swali hilo akilini. Kwa mtunzi anayeifikiria Unguja ya miaka ya 1850 na 1860, sioni kitabu kingine kinachostahili kutangulia hiki.

Thamani yake kubwa imo katika maisha ya ndani ya nyumba. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, nje ya mji, na analieleza kama mtu aliyecheza katika kila pembe yake: ua uliojaa paa, tausi na mbuni, safu ya mabafu, na roshani ya duara iliyotazama bahari, ambapo baba yake, Sayyid Said, alizoea kutembea huku na huko akiwa na mawazo yake. Anaeleza kwamba mle ndani zilisikika lugha nyingi, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi na Kihabeshi, lakini mbele ya baba yao Kiarabu ndicho kilichokubalika. Maelezo kama hayo humpa mtunzi mandhari na tamthilia kwa pamoja, kwa sababu msichana anayelazimika kubadili lugha kila baba anapoingia chumbani amekwisha kuwa na siri hata kabla hajampenda mtu.

Linalonivutia zaidi ni habari ya kuandika. Mabinti walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika, na Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipopanga njama dhidi ya Sayyid Majid, ndugu yao aliyekuwa Sultani, ujuzi huo ndio uliomfanya binti huyo mdogo awe mwandishi wa barua za wala njama. Mtunzi na alizingatie hilo. Katika zama ambazo mwanamke hawezi kuandika barua yake mwenyewe, kila neno la mapenzi hupitia kinywa cha mtu wa tatu, na uaminifu wa mtu huyo unatosha kuibeba riwaya nzima. Ongeza hapo majira ya pepo, kwamba jahazi lililokuja na kaskazi lilisubiri kusi ndipo lirudi Arabuni, na muda wa kuagana unakuwa umekwisha kupangwa na bahari.

Ajabu ni kwamba mapenzi yenyewe Salme ameyapitia haraka mno. Tunajua kwamba jirani yake alikuwa mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, na kwamba dari la nyumba ya Salme lilikuwa juu ya la Ruete. Mwezi Agosti 1866 aliondoka kwa meli ya kivita ya Uingereza, Highflyer, hadi Aden, ambako alibatizwa na kuolewa mwaka 1867. Alikuwa mjamzito alipotoroka, na hilo halisemi. Mimi siuhesabu ukimya huo kuwa kasoro. Hata hivyo, ningemshauri mtunzi asijaribu kuujaza kwa kumsemea Salme mwenyewe, bali abuni wapenzi wengine, watu wa mji ule ule, wasio wa ukoo wa kifalme.

Kasoro nzito ni utumwa. Salme aliandika kwa ajili ya wanawe, akiwa mbali na kwao, na anautetea utumwa wa nyumbani kwao kwa maneno ambayo msomaji wa leo hawezi kuyakubali. Hata hivyo ni yeye yule anayesimulia kwamba mama yake, Jilfidan, alitekwa akiwa mtoto baada ya wazazi wake kuuawa. Soko la watumwa la Unguja halikufungwa hadi mwaka 1873. Riwaya inayomwonyesha bwana na suria wake kama wapenzi wa kawaida, bila kuuliza kama mwanamke yule angeweza kukataa, itakuwa imeazima uzuri wa zama zile na kuukimbia ukweli wake, na mimi nisingeisamehe.

Kitabu pia kinasaidia kuondoa mapambo ya zama nyingine ambayo watunzi wetu huyaingiza kwa mazoea. Mabibi wa kasri walivaa barakoa. Buibui lilikuja baadaye. Mpenzi wa mwaka 1866 hawezi kutumiwa kanga yenye jina, wala kusikiliza taarabu ambayo huhusishwa na utawala wa Barghash ulioanza mwaka 1870, wala kukutana na mtu mbele ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883. Abaki na asumini, udi na harufu ya karafuu zilizoanikwa, vitu ambavyo vilikuwapo.

Kuhusu toleo la kununua, ningechagua lile la Kiingereza lililohaririwa na E. van Donzel mwaka 1993, kwa sababu limeongeza barua za Salme kutoka Ujerumani. Ruete alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha mjane mgeni na watoto watatu wadogo, na mtunzi anayetaka riwaya yake iendelee kupita siku ya harusi atakuta katika barua hizo mambo ambayo kumbukumbu za mwaka 1886 hazikuyagusa.