Orodha za wapiga kura ukutani: nazipa nyota nne kati ya tano

Naendesha bajaji Tandika, Dar es Salaam, na siku ya kura abiria wangu wengi huwa ni watu wanaotafuta vituo vyao. Ndiyo maana nataka kuisifia huduma moja ambayo watu wanaipita tu njiani: zile karatasi za majina zinazobandikwa kituoni kabla ya siku ya kupiga kura.

Ni bure. Huhitaji bando wala simu kubwa. Unafika, unatafuta jina lako kwa alfabeti, ukiliona umeshajua mlango wako. Na mlango ndiyo habari yenyewe, maana shule moja ya msingi inaweza kuwa na vituo vitatu au vinne, kila darasa na majina yake. Asiyekagua anapanga foleni juani, akifika mbele anaambiwa jina lake liko darasa la pili. Anaanza upya.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba orodha za uchaguzi mkuu na za serikali za mitaa ni tofauti. Uchaguzi mkuu unatumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, na kadi yake unaijua. Serikali za mitaa, mkazi anajiandikisha upya mtaani kwake. Mwaka 2024 tuliandikishwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, tukapiga kura 27 Novemba.

Siku hiyo nilimbeba bibi mmoja karibu na Mwembeyanga. Kadi yake ya kura kaiviringisha kwenye mfuko wa nailoni, kaifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo bibi. Wapi?"

"Marahaba baba. Nipeleke shuleni, pale nilipopigia 2020."

Nikamuuliza kama Oktoba alijiandikisha mtaani. Akasema ndiyo, mjukuu wake alimpeleka. Nikamwambia basi leo si shuleni, ni kule ulikojiandikisha, tukageuza. Kituoni nikapitisha kidole kwenye karatasi ya kwanza, hayupo. Ya pili, chini kabisa, nikalikuta jina lake. Akaniambia nilisome tena kwa sauti, majina yote matatu, ndipo akaenda kupanga foleni.

Nyota moja naikata, na naikata kwa uchungu. Nimeona karatasi zimebandikwa juu kuliko kichwa changu, maandishi madogo ambayo hata mwenye miwani anahangaika nayo. Nyingine zimelowa mvua ya vuli, wino umesambaa, herufi nzima haisomeki. Karatasi ya nailoni ya kufunikia ni bei gani? Zibandikwe usawa wa macho, chini ya paa, na pawe na benchi. Wazee wetu wanakuja kwa miguu.

Wapangaji wenzangu mnaohama kila kodi inapopanda, nanyi mnisikilize. Daftari la Kudumu halijui kama umehamia Chamazi mpaka uhamishe taarifa zako wakati wa uboreshaji. Dar es Salaam zoezi hilo lilifanyika tarehe 17 hadi 23 Machi 2025. Kama lilikupita, jina lako litakusubiri kule kule Manzese, na siku ya kura nauli ni yako.

Orodha zikitoka, pita jioni ukitoka kazini, kukiwa bado na mwanga. Kama nyumbani kuna mzee, muandikie kwenye kikaratasi jina la kituo na namba ya chumba, akishike mkononi. Abiria akinipa kikaratasi cha namna hiyo namfikisha mpaka mlangoni.