Kabla ya Kulipia "Core i7", Soma Namba Yote

Muuzaji wa laptopu zilizotumika akishataja kwamba mashine ni "Core i7", wanunuzi wengi huona wameshajibiwa. Hawajajibiwa. Jina hilo la kampuni ya Intel linaeleza daraja la prosesa, yaani chipu inayoendesha kazi za kompyuta, miongoni mwa zile zilizotoka pamoja nayo tu. Halisemi ilitoka mwaka gani, ina viini vingapi (sehemu zinazofanya kazi sambamba ndani yake), wala imetengewa umeme kiasi gani, na hayo matatu ndiyo yanayoamua kasi utakayoiona ukiwa kazini.

Linganisha i7-7500U ya mwaka 2016 na i5-8250U ya mwaka 2017. Ya kwanza ina jina kubwa, na kasi yake ya msingi ya 2.7 GHz inaonekana kuiacha mbali 1.6 GHz ya pili. Hata hivyo, i7 hiyo ina viini 2 na nyuzi 4 (nyuzi ni mikondo ya kazi ambayo prosesa huishughulikia kwa wakati mmoja), ilhali i5 ina viini 4 na nyuzi 8, na kasi yake ya juu kabisa ni 3.4 GHz dhidi ya 3.5 GHz ya i7. Ukifungua kurasa nyingi za intaneti, jedwali kubwa la hesabu na mkutano wa video kwa wakati mmoja, i5 ndiyo itakayohimili. Anayelipa zaidi kwa ajili ya ile i7 ananunua mashine dhaifu kwa bei ya juu, na jambo hili hutokea kila siku madukani kwa sababu tu kibandiko hakionyeshi namba nzima.

Namba inayofuata kistari husomwa hivi: katika 8250U, 8 ni kizazi cha nane, katika 1135G7, 11 ni kizazi cha kumi na moja. Herufi ya mwisho isipuuzwe. U ni ya laptopu nyembamba, ambazo kwa kawaida hutengewa wati 15; H ni ya mashine nzito za wati 45. Ndiyo maana i7-8550U ina viini 4 na i7-8750H ina 6, ingawa zote ni i7 za kizazi cha nane.

Kwa AMD, kampuni inayoshindana na Intel na inayotengeneza prosesa za Ryzen, mtego uko kwingine. Ryzen 5 7520U inaonekana mpya kuliko 5500U, lakini katika prosesa za laptopu za mfululizo wa 7000, tarakimu ya kwanza ni ya mwaka wa toleo, na ya tatu ndiyo inayotaja usanifu, yaani muundo wa ndani. Hiyo 2 inamaanisha Zen 2, usanifu uliotoka mwaka 2019. Ryzen 5 5500U nayo ni Zen 2, ila ina viini 6 na nyuzi 12, wakati 7520U ina viini 4 na nyuzi 8. Namba ndogo hapa ni prosesa yenye nguvu zaidi.

Kwa kazi za ofisi, masomo na intaneti, nafasi ya kwanza naipa Ryzen 5 5500U. Ya pili ni i3-1215U, yenye viini 2 vikubwa na 4 vidogo. Wanaoidharau kwa sababu ya "i3" wanakosa mashine nzuri, na i5-1135G7 iko karibu nayo sana. Ya tatu, na chaguo langu kwa mwenye bajeti ndogo, ni i5-8250U au i5-8350U, kwa kuwa kizazi cha nane kimo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. Ya nne ni i7-7500U, ambayo haimo, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ichukue kwa bei ya chini kabisa, na ikiwa tu uko tayari kutumia Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows. Ya mwisho ni Celeron N4020, viini 2 na nyuzi 2, ambayo hata ikiwa mpya ndani ya boksi nisingemshauri mwanafunzi ainunue.

Ukiwa dukani, usitegemee kibandiko, kwani hubanduliwa na kubandikwa kwingine. Washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya utendaji (Performance): jina kamili la prosesa na idadi ya viini vitaonekana hapo. Ukiwa hapo, cheza video na ufungue kurasa kadhaa kwa dakika chache huku chaja ikiwa imechomekwa. Iwapo matumizi ya prosesa yamefika juu lakini kasi inashuka chini ya ile ya msingi, huenda feni imejaa vumbi au dawa ya kupitishia joto imekauka, na gharama ya kurekebisha hayo itolewe kwenye bei kabla hujalipa.